Shambulio la Moyo: Tusiache Saa za Kwanza Zipotee



Kwa muda mrefu kazi yetu ya afya imehusu zaidi malaria, UKIMWI, kifua kikuu, maji safi na uzazi salama. Kazi hiyo inaendelea, na haijaisha. Hata hivyo, tunapokutana na kamati za parokia, swali jingine limekuwa likijirudia: inakuwaje mtu mzima aliyekuwa shambani jana, leo anashika kifua, anatoka jasho jingi, na kabla ya jua kuzama amefariki? Wengine husema ni presha, wengine ni vidonda vya tumbo, na wapo wanaosema amerogwa.

Kwa upande wa wafadhili nako kuna swali: kama tatizo ni moyo, je, si vema tukusanye fedha tununue mashine kubwa ya kisasa?

Katika toleo hili tunajaribu kujibu maswali yote mawili. Jibu letu kwa ufupi ni kwamba kwa mwananchi wa Ziba, kinachoamua zaidi ni kama ugonjwa ulitambuliwa na kama tiba za kwanza zilitolewa ndani ya saa chache. Nyingi ya tiba hizo hazihitaji mashine kubwa, na baadhi yake ni za bei ndogo sana. Tunaomba kila kamati isome makala hii kwa pamoja, kwa sababu mwishoni tunapendekeza mambo ya kufanya.

NI UGONJWA GANI HUU?

Moyo ni msuli unaosukuma damu mwili mzima. Lakini msuli huo nao unahitaji kulishwa, na una mishipa yake yenyewe inayouletea damu. Kwa miaka mingi mafuta na uchafu mwingine hujijenga katika kuta za mishipa hiyo, hasa kwa mtu mwenye shinikizo la juu la damu, kisukari, lehemu nyingi, au anayevuta sigara. Siku moja ukuta huo hupasuka kidogo, damu huganda juu yake, na bonge hilo huziba njia.

Sehemu ya moyo iliyokuwa ikitegemea mshipa huo huanza kukosa hewa ya oksijeni. Haifi mara moja. Hufa kidogo kidogo, dakika kwa dakika, na ikishakufa haioti tena; mahali pake hubaki kovu lisilosukuma damu. Hilo ndilo shambulio la moyo.

Ni vema kutofautisha mambo matatu yanayochanganywa mara nyingi. Presha ni shinikizo la damu kuwa juu. Ni chanzo kimojawapo, lakini siyo shambulio lenyewe. Kiharusi ni tatizo la mishipa ya ubongo, na dalili zake ni mdomo kupinda, mkono au mguu wa upande mmoja kulegea, na maneno kukwama. Moyo kushindwa kufanya kazi, ambapo miguu huvimba na mgonjwa hukosa pumzi akilala, ni hali inayoweza kuja polepole, na mara nyingine ndiyo masalio ya shambulio la zamani ambalo halikutambuliwa.

MGONJWA ANAVYOKUWA

Dalili inayojulikana zaidi ni maumivu katikati ya kifua. Wagonjwa wengi hawasemi kwamba yanachoma kama sindano. Husema kifua kinabana, kimelemewa, kana kwamba mtu ameweka gunia juu yake. Maumivu huweza kwenda mkono wa kushoto au yote miwili, begani, shingoni, kwenye taya, mgongoni au juu ya tumbo. Hudumu zaidi ya dakika chache na hayaondoki kwa kupumzika. Pamoja nayo huja jasho la baridi, kichefuchefu au kutapika, kukosa pumzi na hofu kubwa.

Lakini si wote wanaokuwa hivyo, na hapa ndipo makosa mengi hutokea. Wazee, akina mama na wenye kisukari huweza kupata shambulio la moyo bila maumivu makali ya kifua. Mama anaweza kulalamika tu kwamba amechoka ghafla kupita kiasi, kwamba pumzi haitoshi, au tumbo la juu linamsumbua na anatapika. Mwenye kisukari cha muda mrefu huenda mishipa yake ya fahamu imedhoofika kiasi kwamba hasikii maumivu. Watu kama hao hupewa dawa ya kiungulia au ya malaria wakarudishwa nyumbani.

Tuchukue mfano. Mzee wa miaka 60, mwenye presha ya siku nyingi ambayo hunywa dawa zake pale tu kichwa kinapouma, yuko kwenye majaruba ya mpunga saa tatu asubuhi. Kifua kinambana, anakaa chini ya mti, jasho linamtoka. Anaambiwa ni kichomi. Anapewa chai ya tangawizi. Saa sita bado analalamika, anapelekwa duka la dawa, anauziwa dawa ya vidonda vya tumbo. Saa kumi jioni anapandishwa pikipiki kwenda zahanati, na huko anaandikiwa rufaa. Usafiri unapatikana saa mbili usiku. Kila aliyemhudumia mzee huyu alimtakia mema. Lakini saa 11 zimepita, na sehemu kubwa ya msuli uliokuwa unaweza kuokolewa imeshakufa.

TULICHOJIFUNZA KUTOKA MOSHI

Wapo wanaodhani kwamba shambulio la moyo ni ugonjwa wa wazungu na matajiri wa mijini. Utafiti uliofanyika hapa nchini unaonyesha vinginevyo.

Mwaka 2019, katika idara ya dharura ya Hospitali ya Rufaa ya KCMC mjini Moshi, watafiti wa hospitali hiyo wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Duke cha Marekani waliwafuatilia watu wazima waliofika wakiwa na maumivu ya kifua au kukosa pumzi. Kila aliyekubali kushiriki alipimwa umeme wa moyo, kipimo ambacho wahudumu wetu hukiita ECG, pamoja na kipimo cha damu cha troponini. Troponini ni protini iliyomo ndani ya msuli wa moyo. Ikionekana kwa wingi katika damu ni ishara kwamba msuli umeumia.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2020. Kati ya wagonjwa 681 waliopimwa, 152 walikuwa na shambulio la moyo. Hiyo ni zaidi ya mtu mmoja kati ya kila watano. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 61 hivi. Kwa wengi mno kati yao, shambulio la moyo halikuandikwa kabisa kama ugonjwa wao katika huduma ya kawaida ya idara hiyo, na waliopewa aspirini walikuwa wachache sana, chini ya mmoja kati ya kumi. Baada ya siku 30, zaidi ya wanne kati ya kila kumi walikuwa wamefariki.

Tunaomba wasomaji watulie kidogo juu ya takwimu hiyo. KCMC ni hospitali kubwa ya kanda, yenye madaktari bingwa na chuo cha udaktari. Ikiwa hali ilikuwa hivyo huko, ni wazi kwamba tatizo haliwezi kuhesabiwa kuwa uzembe wa muuguzi fulani wa kijijini. Ni tatizo la ugonjwa ambao sote hatujauzoea kuutafuta. Asiyetafuta haoni, na asiyeona hatibu.

Jambo la kutia moyo ni kwamba waliofanya utafiti huo hawakuishia kulalamika. Walikaa na wahudumu wa idara ileile wakaandaa mpango wa maboresho wa vitu vya kawaida: kadi za kumkumbusha mhudumu dalili na hatua za kuchukua, mafunzo, vipeperushi vya kumwelimisha mgonjwa, na wahudumu wachache wa kuwahamasisha wenzao. Mambo kama hayo hata kituo cha afya kinaweza kuyafanya.

KUTOKA ZIBA MPAKA HOSPITALI

Ziba iko wilayani Igunga, mkoani Tabora. Hatuko gizani kabisa. Tuna bahati ya kuwa jirani na Hospitali ya Rufaa ya Nkinga, inayomilikiwa na Kanisa la Pentekoste (FPCT), ambayo kwa miaka mingi imehudumia wagonjwa wa dini zote kutoka mikoa kadhaa. Igunga mjini ipo hospitali ya wilaya, upande wa Nzega ipo hospitali ya Ndala ya Jimbo Kuu Katoliki la Tabora, na Tabora mjini ipo hospitali ya rufaa ya mkoa ya Kitete.

Tiba ya kuzibua mishipa ya moyo kwa kupitisha mrija mwembamba kutoka mkononi au kwenye paja ipo mbali zaidi. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa mwaka 2015, iko Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 700 kutoka kwetu. Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma nayo ina huduma ya namna hiyo, lakini mpaka huko ni zaidi ya kilomita 300.

Wataalamu wanashauri kwamba tiba ya mrija ifanyike ndani ya saa mbili tangu ugonjwa utambuliwe. Kama haiwezekani, mgonjwa aliyezibwa mshipa kabisa apewe dawa ya kuyeyusha bonge la damu hapohapo alipo, ndipo asafirishwe. Kwa hali ya jiografia yetu, hiyo njia ya pili ndiyo njia yetu. Hata tukinunua gari lenye mbio kiasi gani, Dodoma haitafika saa mbili.

Mababu zetu wa Unyamwezi walibeba mizigo kwa miguu kati ya Tabora na pwani ya Bagamoyo. Hakuna msafara uliotoka siku moja na kufika. Walihesabu kituo kwa kituo, na kila kituo kilikuwa na kazi yake, hapa maji, pale chakula. Mgonjwa wa moyo naye anahitaji vituo vyenye kazi inayojulikana: nyumbani, zahanati, hospitali ya jirani, na baadaye hospitali ya mbali. Kituo kimoja kikilala, vingine havimfai.

KITUO CHA KWANZA: NYUMBANI

Mtu akipata dalili tulizozitaja, familia ifanye yafuatayo:

1. Aache kazi mara moja, akae akiwa ameegemea, alegezewe nguo. Asitembezwe wala asiendeshe baiskeli kwenda zahanati. Kila hatua inauongezea moyo kazi.

2. Usafiri utafutwe saa hiyohiyo. Tusingoje tuone kama maumivu yataisha.

3. Apewe aspirini ya miligramu 300 aitafune, asiimeze nzima, ili ifanye kazi haraka. Kama zipo ndogo za miligramu 75, atafune nne. Asipewe aspirini mtu ambaye dawa hiyo humdhuru, anayetapika damu au kutoa choo cheusi, au mwenye dalili za kiharusi tulizozieleza hapo juu, kwa sababu huenda anavuja damu ubongoni.

4. Asipewe dawa za presha za jirani, wala pombe, wala dawa ya kutapisha.

5. Akianguka, haitiki na hapumui kawaida, alazwe chali mahali pagumu, na mtu akandamize katikati ya kifua kwa viganja viwili, kwa nguvu na haraka, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kuacha mpaka msaada ufike. Vijana wetu wanaweza kufundishwa jambo hili kwa siku moja.

KITUO CHA PILI: HOSPITALINI

Watu wengi hawajui kinachofanyika nyuma ya mlango wa wodi, na kutojua huko huleta hofu na gharama zisizo za lazima. Hivyo tunaeleza kwa ufupi.

Kipimo cha kwanza ni ECG, na inashauriwa kifanyike ndani ya dakika kumi tangu mgonjwa afike. Hakiumizi, vibandiko huwekwa kifuani, mikononi na miguuni, na mashine huchora mwenendo wa umeme wa moyo kwenye karatasi. Mchoro huo humwonyesha daktari kama mshipa umeziba kabisa. Mchoro wa kwanza ukiwa wa kawaida na mgonjwa bado anaumwa, hurudiwa. Troponini nayo huchukua saa kadhaa kupanda, hivyo majibu mazuri ya mapema siyo hati ya kumruhusu mgonjwa aende nyumbani.

Dawa ya kwanza ni aspirini, kama hakuipata njiani. Wapo wanaoidharau kwa kuwa inauzwa kila duka. Mwaka 1988 yalichapishwa matokeo ya utafiti mkubwa ulioitwa ISIS-2, uliohusisha wagonjwa 17,187 katika hospitali 417. Baadhi walipewa aspirini kila siku kwa mwezi mmoja, baadhi dawa ya kuyeyusha bonge iitwayo streptokinesi kwa dripu ya saa moja, baadhi zote mbili, na baadhi hawakupata hata moja. Katika wiki tano, kati ya kila wagonjwa 100 wasiopata dawa yoyote kati ya hizo walifariki kwa moyo na mishipa 13 hivi. Kwa waliopata zote mbili walifariki 8. Aspirini peke yake ilipunguza vifo hivyo kwa takriban robo, karibu sawa na streptokinesi yenyewe. Kidonge cha bei ya chini kabisa kilifanya kazi inayokaribiana na ya dripu ya gharama.

Streptokinesi hutolewa kwa mgonjwa ambaye ECG imeonyesha mshipa umeziba kabisa, ikiwa hazijapita saa 12 tangu maumivu yaanze. Kiwango cha kawaida ni yuniti milioni 1.5 katika dripu ya dakika 30 hadi 60. Kwa kuwa huyeyusha damu iliyoganda, inaweza kusababisha kuvuja damu. Hivyo haipewi mtu aliyewahi kuvuja damu ubongoni, aliyefanyiwa upasuaji mkubwa karibuni, au anayevuja damu mahali pengine. Ndugu wa mgonjwa wanapoulizwa maswali mengi kabla ya dawa hiyo, wajibu kwa ukweli. Si kupotezewa muda.

Saa zina uzito gani? Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 1996 ulionyesha kwamba katika kila wagonjwa 1,000 wanaopewa dawa ya kuyeyusha bonge ndani ya saa ya kwanza, watu 65 huokolewa ambao wangekufa. Wakipewa kati ya saa ya tatu na ya sita, wanaookolewa ni chini ya 30. Dawa ni ileile, mashine ni zilezile, daktari ni yuleyule. Kilichobadilika ni saa ambayo familia iliamua kuondoka nyumbani.

Aliyezibwa mshipa nusu hapewi streptokinesi, kwa sababu kwake madhara huzidi faida. Huyu hupewa aspirini, klopidogreli na sindano za heparini za kuzuia damu isigande zaidi, naye huangaliwa kwa karibu.

Oksijeni hupewa yule ambaye kipimo cha kidoleni kinaonyesha imepungua chini ya asilimia 90. Zamani kila mgonjwa wa moyo aliwekewa. Tafiti za miaka ya karibuni zimeonyesha kwamba asiye na upungufu haimsaidii. Ndugu wasione kwamba mgonjwa wao ametelekezwa kwa kuwa hana mpira puani.

Hatari kubwa ya siku za kwanza ni tatu. Ya kwanza ni mapigo kuvurugika ghafla, ambapo moyo hutetemeka bila kusukuma damu. Hapo inahitajika mashine ya kuushtua moyo kwa umeme. Ya pili ni mapafu kujaa maji kwa kuwa moyo umedhoofika. Mgonjwa hukaa wima akitafuta pumzi, na hupewa dawa za kutoa maji. Ya tatu ni presha kushuka sana hadi mikono na miguu kuwa ya baridi. Mgonjwa aliyefika akiwa na hali hizo mbili za mwisho ana hatari kubwa zaidi ya kufariki kuliko aliyefika na maumivu tu, na mara nyingi amefikia hapo kwa kuchelewa.

BAADA YA KURUHUSIWA

Hapa ndipo tunapoteza wengi bila kelele. Mgonjwa anarudi nyumbani, anajisikia nafuu, dawa za mwezi wa kwanza zinaisha, pamba haijauzwa, na hakuna anayezifuatilia.

Aliyepona shambulio la moyo hajapona ugonjwa wa mishipa. Kwa kawaida huhitaji aspirini kila siku maisha yake yote, dawa ya kupunguza lehemu ya kundi la statini, dawa ya kupunguza mwendo wa moyo na ya kushusha presha, na mara nyingi klopidogreli kwa miezi kadhaa hadi mwaka. Dawa hizi haziponyi mara moja kama ya malaria. Zinazuia shambulio la pili, na kazi hiyo haionekani kwa macho. Anaanza kutembea polepole, anaongeza umbali kidogo kidogo, na anaacha sigara na ugoro kabisa.

Kuhusu kinga, utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulionyesha kwamba takriban mtu mzima mmoja kati ya wanne wa umri wa miaka 25 hadi 64 alikuwa na shinikizo la juu la damu. Wengi wenye presha hawaijui. Kupimwa presha, kupunguza chumvi na mafuta, kula mboga na matunda, kuacha tumbaku na kutumia miili yetu kwa kazi na kutembea ndiyo kinga iliyo ndani ya uwezo wetu.

IGUNGA ILISHAWAHI KUTANGULIA

Wanakamati wazee watakumbuka kwamba Mfuko wa Afya ya Jamii, ambao baadaye ulienea nchi nzima, ulianza kwa majaribio wilayani kwetu Igunga mwaka 1996, na sheria yake ikapitishwa mwaka 2001. Wananchi wa hapa walikuwa miongoni mwa wa kwanza Tanzania kukubali kuchangia wakiwa wazima ili watibiwe wakiugua. Mwaka 2023 Bunge lilipitisha sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Somo la msingi ni lilelile tulilolianza: matayarisho hufanyika kabla ya siku ya shida.

Tumelishuhudia somo hilo pia katika uzazi salama. Mpango wa m-mama, uliojaribiwa mkoani Shinyanga na kuanza kuenezwa nchini kuanzia mwaka 2022, hutumia hata madereva wa kawaida wa vijijini, waliokubaliana mapema, kumwahisha mama mjamzito hospitalini pale ambapo gari la wagonjwa halipo karibu. Mgonjwa wa moyo hajawekewa mpango kama huo, lakini madereva ni walewale na barabara ni zilezile.

Kwa hiyo, tunazipendekezea kamati za parokia mambo manne:

Kwanza, kila kigango kiwe na orodha ya wenye magari waliokubali kuamshwa usiku, na makubaliano ya mafuta yatalipwaje. Orodha ibandikwe mahali panapoonekana. Wakati wa masika, mbuga zinapojaa maji, orodha ionyeshe pia njia ipi inapitika.

Pili, jumuiya ndogondogo zifundishwe dalili, pamoja na zile za wazee, akina mama na wenye kisukari, na matumizi ya aspirini. Muuguzi wa zahanati aombwe kufundisha. Dakika 30 zinatosha.

Tatu, presha ipimwe kila baada ya ibada ya Jumapili ya mwisho wa mwezi, na wenye presha kubwa wapelekwe zahanati, wasiishie kuambiwa tu.

Nne, kila aliyelazwa kwa moyo apewe mtu mmoja wa kumtembelea kila mwezi na kuuliza swali moja: dawa zimebaki za siku ngapi?

Kwa wafadhili wetu, tunasema kwa heshima: mashine kubwa itakuja siku yake, na mahali pake ni hospitali yenye bingwa wa kuiendesha na fundi wa kuitengeneza. Kwa sasa, anayetaka kuokoa maisha kwa fedha kidogo afikirie mashine ya ECG kwa kituo kisichonayo, pamoja na karatasi zake na mafunzo ya kuisoma. Akiba ya aspirini na klopidogreli. Kipimo cha troponini. Streptokinesi kwa hospitali yenye uwezo wa kuisimamia. Na mashine ya kushtua moyo. Kabla ya kununua chochote, tuulize uongozi wa kituo husika wanacho nini na wanakosa nini. Msaada usioulizwa huishia stoo.

Tunawaomba wanakamati watuletee, kabla ya toleo lijalo, taarifa fupi ya ukurasa mmoja: orodha ya madereva imekamilika au bado, watu wangapi wamefundishwa, na wangapi wamepimwa presha. Taarifa hizo ndizo tutakazowapelekea wafadhili wetu, ili nao wajue wanachangia kazi iliyokwisha kuanza.